Shemeji Alipokikaza Kinanda

Shemeji yangu hana utani na mashine. Tangu ujana wake amekuwa fundi wa makarasha huko Katoro na Nyarugusu, mkoani Geita, zile mashine zinazovunja mawe ya dhahabu kabla hayajaoshwa. Wenye mialo ya kuoshea dhahabu wanamjua. Karasha likianza kulia vibaya, yeye husimama pembeni, husikiliza, kisha husema ni beringi, ni bushi au ni mkanda, na mara nyingi huwa ndivyo. Basi alipokuja kutusalimia hapa Shinyanga, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, alimkuta binti yetu anapiga kinanda kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukinyanyua vibao vilivyogoma kupanda. Hakusubiri hata chai. Alikunja mikono ya shati akaniambia, "Shemeji, nipatie taa na beseni la kuwekea skrubu. Hii ni kazi ya jioni moja."

Mume wangu alikuwa kazini. Mama mkwe wangu alikuwa barazani anachambua choroko. Aliinua macho akasema, "Mwanangu, kitu cha mtu hakifunguliwi mwenyewe hayupo." Shemeji akamjibu kwa adabu, "Ndiyo, mama," akaendelea kufungua.

Kinanda chenyewe ni piano ya kusimama, kazi ya Uingereza, na umri wake unampita mama mkwe. Tulikinunua Mwanza kwa familia iliyokuwa inahama, kikaja kwa Fuso juu ya magodoro, na kukishusha kuliwatoa jasho vijana wa sokoni. Uzito mwingi hauko kwenye mbao. Ndani mna fremu ya chuma cha kumimina, nayo ipo kwa sababu piano ina waya zinazokaribia 230: sauti za juu zina waya tatu tatu, zinazofuata mbili mbili, na besi za chini kabisa zina waya mmoja mmoja mnene, uliozungushiwa shaba. Waya zote hizo zikikazwa hadi kwenye sauti zake, mvuto wake wa jumla hufika tani 15 na zaidi. Bila chuma, mbao zingepinda. Chetu kina vibao 85, vitatu pungufu ya 88 vya piano nyingi za leo, jambo la kawaida kwa vinanda vya Kiingereza vya zamani.

Mume wangu alikitaka kwa muda mrefu. Alikulia kwenye kwaya, na mkoa huu, kama Wasukuma wanavyojulikana, hauna uhaba wa kwaya. Lakini kwaya zetu hutumia vinanda vya umeme, na umeme ukikatika katikati ya wimbo, waimbaji hubaki na makofi. Alitamani binti yake ajifunze kwenye chombo ambacho sauti yake inatoka kwenye mbao na waya, na kidole cha mpigaji ndicho kinachoamua iwe kubwa au ndogo. Namuunga mkono mpaka leo.

Tatizo lilikuwa ukuta. Sebule yetu ina ukuta wa ndani, ambao ulikuwa na kabati la vyombo, na ukuta wa nje unaopigwa na mvua za upepo. Kinanda kikawekwa kwenye ukuta wa nje. Mama alisema ukuta ule hulia maji kila Desemba. Ilisemwa kwamba mbao zimekaushwa vizuri, zitavumilia.

Hakuna mbao zinazovumilia hali ya hewa ya Shinyanga bila kusogea. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo ni mkavu, vumbi linaingia hadi kwenye chumvi, na mbao hunywea. Mvua zikifika, mbao zilezile hunywa unyevu na kuvimba. Kibao cha piano kinachoonekana mbele ni sehemu fupi tu. Chote ni mti mrefu unaoingia ndani ya kinanda, umesimama juu ya pini katikati, na mbele yake kuna pini nyingine inayouzuia usiyumbe. Matundu ya pini yamevishwa kitambaa laini cha sufu. Mbao zikivimba, kitambaa kinaibana pini, na kibao kikishuka hakina nguvu ya kupanda tena. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wetu.

Na shemeji aliugundua, lazima nimpe haki yake. Ili avifikie vibao, ilibidi kwanza aitoe mashine yote iliyosimama nyuma yake, ile inayobeba nyundo. Alifungua vifungo vya shaba vya juu, akaiinamisha taratibu kuelekea kwake, akaibeba nzima na kuilaza juu ya meza ya chakula. Tulikaa kimya tukiitazama. Nyundo zilikuwa zimejipanga kuanzia zile nene za besi hadi vidole vyembamba vya sauti za juu, kila moja na kichwa cha sufu iliyogandamizwa, chenye mistari iliyochimbwa na waya kwa miaka mingi ya kupigwa. Chini ya kila nyundo palikuwa na mikono midogo ya mbao, springi nyembamba kama unywele wa farasi, na utepe mweupe wenye ncha ya ngozi. Tepe kadhaa zilikuwa zimekatwakatwa. Panya. Chini ya vibao tuliwakuta wametengeneza kiota kwa sufu ya kinanda na vipande vya bahasha.

Usiku ule tulikula ugali chini, kwenye mkeka, na mama hakusema neno. Shemeji aliminya vitambaa vya matundu kwa plaizi, kibao kimoja baada ya kingine, bila haraka, mpaka kila kimoja kikawa kinaanguka na kuinuka chenyewe. Mafundi wa piano hufanya hivyohivyo, ila wao wana plaizi maalumu yenye midomo ya bapa. Akairudisha mashine mahali pake. Kama angeishia hapo, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Kulipokucha, kabla mume wangu hajaamka, shemeji alitaka kujiridhisha. Alibonyeza kibao polepole mno, uso wake ukiwa umeingia ndani ya kinanda. Nyundo ikaondoka kwenye mto wake, ikausogelea waya, ikausogelea zaidi, na ilipobaki nafasi ndogo tu, ikarudi nyuma bila kugusa. Alirudia kwenye kibao kingine. Vilevile. Vyote vilevile. "Shemeji," aliniita kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi, "nyundo hazifiki! Kinanda hiki kimechakaa. Zinaishia njiani."

Kwa mtu wa karasha, hesabu ile haikuwa na utata. Chuma kisichofika kwenye jiwe hakivunji jiwe, na jiwe lisilovunjika halitoi dhahabu. Akatafuta ni nini kinachoirudisha nyundo nyuma, akaona reli ndefu yenye safu ya skrubu, kila skrubu na kitufe chenye kipande cha sufu chini yake, kila kitufe kikigusana na mkia wa kijiti kilichosimama chini ya nyundo. Kitufe kilikigusa kijiti, kijiti kikateleza, nyundo ikaanguka. Mhalifu akawa amepatikana. Alivipandisha vitufe vyote 85 hadi mwisho, kimoja kimoja, kwa subira inayostahili sifa. Sasa nyundo zilisindikizwa hadi kwenye waya.

Mume wangu aliamka, akasikia habari njema, akaketi, akapiga. Kilichotoka ni tk, tk, tk. Mlio wa mbao, na nyuma yake sauti iliyonyongwa kabla haijazaliwa. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Ikawa mbaya zaidi. Binti yetu akaanza kulia. Mume wangu alisimama, akafunika kinanda, akatoka nje bila viatu. Ndugu wawili waliolelewa kwenye chumba kimoja walishinda siku nzima wakisalimiana kwa kichwa.

Aliyefumbua fumbo ni mtoto wetu wa mwisho. Anashinda nje na manati yake, anatafuta ndege kwenye michongoma. Baba yake mdogo alikuwa anamweleza kwamba nyundo sasa zinafika kabisa, zinaugusa waya na kuubana, na bado kinanda hakilii. Mtoto akasema, "Sasa baba mdogo, kama inaubana, waya utatikisika vipi? Mimi silisindikizi jiwe mpaka kwa ndege. Naliachia."

Jioni ile ndugu wakampigia simu fundi wa vinanda aliyeko Dar es Salaam. Alisikiliza, akauliza swali moja, akasema mtoto amewamalizia kila kitu. Nyundo ya piano hairuhusiwi kusukumwa hadi kwenye waya. Inatakiwa irushwe, iachiwe ikiwa imebakiza milimita 3 hivi, imalizie safari kwa mwendo wake yenyewe, ipige na irudi. Inagusana na waya kwa sehemu chache tu za elfu ya sekunde. Ukibonyeza kibao polepole, haina mwendo, kwa hiyo inafika pale pa kuachiwa na kuanguka. Alichokiona shemeji asubuhi ile kilikuwa dalili ya afya.

Nimekaa mbele ya kinanda hicho mara nyingi tangu wakati huo, kifuniko kikiwa wazi, nikibonyeza kibao kimoja na kutazama, na ningependa kila mwenye kinanda afanye hivyo. Kidole kinashusha kibao kiasi cha sentimita moja. Nyuma, mwisho wa pili wa kibao unainuka na kuunyanyua mkono wa mbao. Juu ya mkono huo kimesimama kile kijiti chenye umbo la herufi L, na ncha yake imekita kwenye kisigino cha nyundo. Kijiti kinasukuma, nyundo inazunguka kwenye pini yake na kukimbia umbali wa sentimita nne na nusu hivi, mara nne au tano ya mwendo wa kidole. Nyundo ikifika karibu nusu ya njia, kijiko kidogo cha chuma kilicho nyuma ya mkono kinakisukuma kizimio, ule mto wa sufu unaoulalia waya na kuunyamazisha. Waya unabaki huru. Halafu mkia wa kijiti unakutana na kitufe. Kitufe hakisogei. Mkono unaendelea kupanda, kijiti kimezuiwa mkia, kwa hiyo hakina budi kuinama na kuchomoka chini ya kisigino. Nyundo imeachiwa.

Inapiga na kurudi, na hapo inadakwa na kishikio, kipande cha mbao chenye sufu kinachoikamata katikati ya njia ili isirukeruke na kuugonga waya mara ya pili. Kidole kikiinuka, kishikio kinaachia, ule utepe wenye ncha ya ngozi unasaidia kuivuta nyundo irudi, springi inakirudisha kijiti chini ya kisigino, na kizimio kinaulalia waya tena. Yote hayo kwa kila sauti, kila mara, kwa mbao, sufu, ngozi na springi, bila tone la mafuta.

Anayetambuliwa kuwa mbunifu wa jambo hili ni Bartolomeo Cristofori, fundi wa ala katika nyumba ya Medici mjini Florence, Italia. Kinanda chake kimeandikwa kwenye orodha ya mali ya nyumba hiyo ya mwaka 1700. Kabla yake kulikuwa na kinanda kilichodonoa waya kwa ncha ya unyoya, na sauti yake ilikuwa ileile uguse kwa upole au kwa hasira. Kulikuwa na kingine, kidogo, ambacho kipande cha shaba kiliugusa waya na kubaki pale kibao kikiwa chini. Kilitii kidole, lakini sauti yake haikuvuka chumba. Cristofori alitaka utiifu wa hiki cha pili pamoja na nguvu, na nguvu ilihitaji nyundo inayorushwa na kuachiwa. Vinanda vyake vitatu vya aina hii bado vipo, cha mwaka 1720 kikiwa New York, cha 1722 Roma na cha 1726 Leipzig, na ndani ya kila kimoja kipo kile kifaa cha kuachia. Alichokiondoa shemeji asubuhi moja kwa mapenzi mema ndicho kilichoifanya piano kuwa piano.

Kukirudisha kulichukua muda mrefu kuliko kukiondoa. Shemeji alichonga kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita 3, akakiweka kati ya nyundo na waya, akakishusha kitufe mpaka nyundo ikaachiwa palepale. Fundi wa Dar alikuwa amemwonya kwamba waya za besi hutikisika kwa upana, hivyo nafasi yake iwe kubwa kidogo. Mume wangu alishika taa. Sikuwasikia wakiombana radhi, nilisikia tu, "Bonyeza. Tena. Polepole. Imeachia?" "Imeachia." Walifanya hivyo mpaka usiku wa manane, na sauti zilianza kurudi kutoka upande wa juu, moja baada ya nyingine, zikiwa zimepotea tuni lakini hai.

Kesho yake ndipo ilipoonekana hasara nyingine. Wakati vibao viko nje, unyevu ulikuwa umelegeza gundi, na vifuniko vyeupe vya vibao viwili vilikuwa vimebanduka. Gundi ya vinanda vya zamani hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na maji huifungua. Mama alikiokota kimoja, akakipeleka mwangani, akakigeuzageuza. Kila kibao cheupe cha kinanda chetu kina kiungo chembamba mahali kipande kipana cha mbele kinapokutana na mkia mwembamba unaopita kati ya vile vyeusi. Plastiki huwa kipande kimoja. Kile alichoshika kilikuwa na nyuzi hafifu ndani yake, kama nilivyoona pia baada ya kuonyeshwa. "Hii ni pembe," alisema. "Pembe ya tembo. Na sisi ndio tuliobeba."

Mama ni mtu wa Tabora. Karne ya 19 pembe zilitoka Manyema na nchi za maziwa, zikapita Unyanyembe, hukohuko Tabora, zikashuka hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kisha zikavuka kwenda Unguja. Wafanyabiashara kama Tippu Tip walitajirikia kwenye njia hiyo, na mtemi Mirambo alipoipigania mwaka 1871 biashara ya Unguja ilitikisika. Kutoka Unguja pembe zilikwenda Bombay, London na Marekani. Kule jimbo la Connecticut, miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, iliishi kwa kuzikata kuwa vipande vyembamba vya vibao na kuvianika juani kwenye nyumba za vioo mpaka viwe vyeupe. Sijui jina la mpagazi hata mmoja, na hilo linaniuma kila ninapopangusa vibao vile. Mama ameagiza visipanguswe tena kwa kitambaa chenye maji, na vile viwili vilivyobanduka amevifunga kwenye leso mpaka ipatikane gundi sahihi.

Baada ya hapo neno lake ndilo lililotawala sebule. Kabati la vyombo limehamia ukuta wa nje, kinanda kimehamia wa ndani, na nyuma yake tumeacha nafasi ya hewa kupita. Ndani ya kinanda, upande wa chini, mna vidonge vya nondo, maana viwavi wa nondo hula sufu ya nyundo na vizimio kwa raha kama wanavyokula nguo, na mtego wa panya haukosekani kipindi cha mavuno. Tepe zilizoliwa shemeji amezitengeneza upya kwa utepe wa pamba na ngozi ya kiatu. Vizimio viwili vya besi bado vimepungua sufu, kwa hiyo sauti zake hubaki zikivuma hata kidole kikiondoka, na tunasubiri sufu kutoka kwa yule fundi.

Malalamiko mapya ni ya binti. Amefika kwenye zoezi linalotaka kibao kimoja kipigwe harakaharaka, na chetu hukosa baadhi ya mapigo, kwa sababu kwenye piano ya kusimama kibao lazima kiinuke sana kabla kijiti hakijarudi chini ya kisigino. Nilimweleza shemeji kwa simu kwamba Mfaransa Sébastien Érard alilitatua jambo hilo mwaka 1821 kwenye piano za kulala, kwa kuongeza mkono mwingine wenye springi unaoishikilia nyundo juu, tayari kurushwa tena kibao kikiwa kimeinuka kidogo tu. Alinyamaza kidogo, nyuma yake nikisikia makarasha. Kisha akauliza kama kwenye piano hizo nyundo hupiga kwenda juu. Nikamwambia ndiyo, waya zimelala, nyundo ziko chini yake. "Basi inarudi kwa uzito wake yenyewe," alisema. "Ya kwenu imesimama, uzito haumsaidii mtu, kila kitu kinategemea springi. Ndiyo maana." Akaomba binti ampigie picha ya springi za sauti za katikati, kwa mbali na kwa karibu, na mmoja wetu aweke rula pembeni. Mume wangu amekubali picha zipigwe. Kufungua kutasubiri mpaka Julai, mbao zikishakauka.